Hofu kwenye kipimo cha aleji: namna ya kumpima mgonjwa mwenye wasiwasi bila kuharibu majibu

Kipimo cha aleji cha ngozi chenyewe ni kazi fupi. Matone kumi au kumi na mawili mkononi, michomo midogo isiyotoa damu, kusubiri robo saa na ushee, kisha rula ya kupimia vivimbe vilivyotokea. Kinachovuruga mambo mara nyingi si chupa wala rula. Ni mgonjwa aliyeingia na jasho mgongoni na moyo unaomwenda mbio, na dakika ya tano anasema koo linambana. Hapo mhudumu huponzwa na maneno matatu: "Ni woga tu."

Mwongozo huu ni wa manesi, matabibu na madaktari wanaofanya vipimo hivi Dar es Salaam. Mgonjwa anayetaka kujua kinachomsubiri naye utamfaa.

Hofu inagusa nini hasa

Mwaka 2009 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 28 wenye mafua ya mzio. Watu walewale walipimwa ngozi siku ya utulivu, na siku nyingine baada ya kulazimika kuhutubia na kupiga hesabu za kichwa mbele ya watazamaji. Kadiri mtu alivyokuwa na wasiwasi zaidi, ndivyo vivimbe vyake vilivyokuwa vikubwa zaidi baada ya jaribu lile, na athari ilionekana hata kwenye michomo ya kesho yake. Kivimbe cha mm 4 cha mtu anayetetemeka na cha mm 4 cha mtu aliyetulia akisoma gazeti, basi, visisomwe kana kwamba ni kitu kimoja.

Upande wa dalili ambazo rula haizipimi, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1990 Don Jewett na wenzake waliwachoma wagonjwa 18 sindano za dondoo za vyakula na sindano tupu, bila mgonjwa wala mchomaji kujua ipi ni ipi. Wagonjwa walisema wamepata dalili kwenye asilimia 27 ya sindano za chakula na asilimia 24 ya zile tupu. Tofauti hiyo ni kama hakuna. Na hawakuwa wakidanganya: pua iliwasha kweli, kichwa kilizunguka kweli. Hata zamani lilijulikana. Mwaka 1886 daktari John Mackenzie wa Baltimore alimwonyesha mgonjwa wake wa "mafua ya waridi" ua la bandia, na mafua yakaanza.

Lipo na la tatu, ambalo kwa joto la Dar halifai kusahaulika. Wapo watu wanaotokwa na vipele vidogo vya mm 1 hadi 3, vinavyowasha sana, kila mwili unapopata joto, jasho au hisia kali. Mtu huyo akiingia chumbani mwezi wa pili, feni imekufa na moyo unadunda, vipele vitamtoka shingoni na kifuani kabla hujafungua chupa hata moja. Vipele ni vya kweli, ila havikuletwa na tone lako.

1. Wiki mbili hadi tatu kabla: dawa, pesa na swali la kuzimia

Ukimwuliza mgonjwa kama anatumia dawa za aleji, atasema hapana. Mwambie aje na kila kidonge kilichopo nyumbani, hata kile kilichofungwa kwenye karatasi ya duka la dawa. Setirizini na loratadini ziachwe siku 7 kabla. Piriton huisha mapema kidogo, lakini ni rahisi kumpa mtu tarehe moja kwa dawa zote: siku 7. Mkumbushe kwamba dawa nyingi za mafua na kikohozi zina klofeniramini, yaani Piriton yenyewe, ndani yake. Wengi hujiharibia kipimo hapo bila kujua. Krimu za steroidi zisipakwe sehemu itakayopimwa kwa wiki 2 hadi 3.

Sasa zile zinazohusu akili na usingizi, ambazo watu huona haya kuzitaja. Amitriptilini, iwe ni ya sonona, ya kichwa au ya ganzi ya miguu, inaweza kuzima kivimbe kwa wiki moja hadi mbili. Klopromazini na kwetiapini nazo zina tabia ya kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho na kivimbe. Fluoksetini na setralini hazina shida. Usimwachishe mtu dawa ya akili kwa ajili ya kipimo cha ngozi. Ongea na aliyemwandikia, na kama haiachiki, mpeleke kwenye kipimo cha damu cha IgE (kingamwili za aleji). Hicho hakiharibiwi na dawa wala hofu.

Propranolo, dawa ya moyo na presha, iulizwe kwa jina. Wapo wanaoimeza kwa sababu ya "moyo kwenda mbio" au kutetemeka mikono. Inafanya mabaya mawili kwa pamoja: inazuia mapigo kupanda, kwa hiyo dalili moja muhimu ya hatari inafichika, na inapunguza nguvu ya adrenalini, dawa ya kwanza ya mzio mkali, ukiihitaji. Mtu huyo daktari aamue kwanza kama apimwe kwa damu.

Kisha uliza: "Umeshawahi kuzimia ukichomwa sindano au ukiona damu?" Akisema ndiyo, andika juu ya faili kwa kalamu nyekundu: APIMWE AMELALA.

Miadi yenyewe ipangwe kwa akili. Mtu wa Mbagala au Kibamba mwenye miadi ya saa 2 asubuhi ametoka kwake alfajiri bila chai na amesimama kwenye daladala kwa muda mrefu. Huyo ni wa kuzimia. Mpe saa 4, na umwambie anywe chai na kitafunwa. Kipimo cha ngozi hakihitaji mtu akae na njaa, ingawa wengi hudhani hivyo kwa sababu ya vipimo vya sukari. Anayefunga Ramadhani asogezewe hadi baada ya Idi kama hakuna haraka.

Suala la pesa limalizwe siku hiyohiyo. Bima inalipa nini, anatoa nini mfukoni, kiasi gani. Mgonjwa anayeambiwa gharama mkono ukiwa umeshachorwa namba, presha yake itakayopimwa hapo haina maana.

2. Chumba

Kitanda kiwepo, si kiti peke yake. Adrenalini ya mg 1 kwa ml 1 iwe mezani pamoja na bomba la sindano, na tarehe ya kuisha imeangaliwa asubuhi hiyo. Kuwe na mashine ya presha, oksimita ya kidoleni, oksijeni, salbutamo ya kufungua kifua na dripu ya chumvi. Vifunikwe kwa kitambaa safi: mgonjwa asivitumbulie macho, lakini mhudumu avifikie bila kufungua kabati.

Feni imwelekee mgonjwa usoni, isielekee mkono, la sivyo matone yatakauka au yatasogea. Na benchi la wanaosubiri lisikae mkabala na mlango. Mtoto mmoja akilia ndani, watano waliopo nje wameshaanza kuogopa kabla ya kuitwa.

3. Pima kabla hujamgusa

Salimia kama mtu: "Shikamoo mama, pole na foleni." Mkalishe dakika 10. Mpe maji, glasi mbili za wastani, kama nusu lita. Yanasaidia dhidi ya kuzimia. Halafu chukua vipimo vya mwanzo: mapigo, presha, oksijeni, idadi ya pumzi kwa dakika. Sikiliza kifua. Mwombe akuonyeshe shingo, kifua na mikono, uandike kama kuna vipele tayari. Mwisho uliza, "Kati ya sifuri na kumi, wasiwasi wako uko wapi sasa hivi?" na uandike namba atakayoitaja.

Ukiondoa zile dakika 10 za kukaa, hatua hii huchukua dakika tatu na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Bila hiyo, mapigo 112 ya dakika ya kumi hayakuambii kitu. Pengine aliingia nayo.

Kama pumu yake haijatulia siku hiyo, kifua kinapiga miluzi, ahirisha. Kama wasiwasi ni 8 na zaidi, msogeze mwisho wa foleni, umweleze tena taratibu, umpime baadaye. Ikibaki palepale, kipimo cha damu si aibu.

4. Maneno

"Usiogope" humwambia mtu kwamba kuna cha kuogopa. "Haiumi" ni uongo atakaougundua baada ya sekunde moja, na baada ya hapo hataamini neno lako lolote. Sema kitakachotokea, kwa mpangilio:

"Nitaweka matone ya maji mkononi. Kila tone nitaligusa kwa ncha ndogo, utasikia kama kuumwa na mbu. Baada ya dakika tano hivi tone moja litawasha. Hilo nimeliweka makusudi liwashe, ndilo linaloniambia kipimo kinafanya kazi. Usijikune. Ukisikia kitu chochote nje ya mkono huu, niambie."

Tone hilo ni la histamini, na kulitaja mapema kuna faida kubwa. Mgonjwa asiyejua atachukua mwasho ule kama mwanzo wa balaa na ataanza kutafuta dalili nyingine mwilini. Anayejua atasema, "Lile tone lako limeanza." Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2018, kwa mchomo wa histamini, kwamba hata sentensi moja ya daktari kuwa mwasho utaanza kupungua iliwafanya watu wahisi kuwashwa kidogo kuliko wasioambiwa chochote.

Usimpe orodha ndefu ya dalili za hatari, "koo likibana, kifua kikikaza, ulimi ukivimba", kwa sauti ya tangazo. Utazivuna zote. Ila haki yake ya kujua ibaki: mweleze wakati wa kusaini ridhaa, kwa utulivu, kwamba athari kubwa ni nadra sana na dawa yake iko hapo mezani.

Wapo watakaouliza kama ni chanjo, au kama unawawekea aleji ambayo hawakuwa nayo. Usicheke. Waonyeshe chupa, wasomee lebo: utitiri wa vumbi, mende, paka, kamba wa baharini, karanga.

Msindikizaji ni nusu ya kipimo. Shangazi anayepiga kelele "Tazama, ameanza kuvimba!" anaweza kumpandisha mtu mapigo haraka kuliko tone lolote. Mpe kazi: ashike saa, atangaze kila dakika tano. Mtoto mdogo akae mapajani kwa mama yake, kifua kwa kifua, mkono umetokea pembeni. Akilazwa na kushikwa na watu watatu atapiga mateke na matone yatamwagika.

5. Kuchoma

Jasho la hofu lina athari ya moja kwa moja: matone huteleza na kuungana. Futa mkono kwa spiriti, uache ukauke, kisha kausha tena kwa shashi. Uweke juu ya mto mdogo ili usawa wake uwe bapa. Alama ziachane angalau sm 2, zikae mbali na kiwiko na kifundo. Anza na maji ya chumvi, malizia na histamini ya mg 10 kwa ml. Lanseti (kichomeo kidogo) moja kwa kila tone. Mkono ukitetemeka, ushikilie kwa chini kwa kiganja chako cha pili. Mchomo wa mkono unaoruka huingia ndani sana na kutoa damu, na panapotoka damu panaweza kuvimba bila aleji yoyote.

Aliyewahi kuzimia afanye zoezi la kukaza misuli. Akaze mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka asikie uso unapata joto, alegeze sekunde 20 hadi 30, arudie mara tano, kisha ndipo uchome. Mkono unaopimwa ulegee.

6. Dakika ishirini za kusubiri

Usitoke chumbani. Mgonjwa akisema "najisikia vibaya", mlaze kwanza, maswali baadaye. Kama pumzi ndiyo inayomsumbua, mwache akae. Kisha shika mkono wake: mapigo kwa vidole vyako, si kwa mashine. Mwangalie ngozi mwili mzima, sikiliza kifua, pima presha na oksijeni. Yote hayo ndani ya dakika moja. Kinachofuata kinategemea unachokikuta.

Kuzimia kwa sindano huja mapema, mara nyingi wakati wa kuchoma au dakika chache baadaye. Mgonjwa anapauka. Kwenye ngozi nyeusi angalia midomo, ufizi na ndani ya kope, si mashavu. Jasho baridi, kichefuchefu, miayo, macho kuingia giza. Mapigo yanashuka, mara nyingi chini ya 60, na presha inashuka nayo. Hakuna vipele, kifua ni safi. Ukimlaza na kumwinua miguu, anarudi ndani ya dakika moja au mbili. Asiporudi, acha kuiita kuzimia.

Hofu kali ina sura nyingine. Anapumua haraka, anasema hewa haitoshi, lakini oksijeni ni 98 hadi 100. Ganzi kwenye vidole na kuzunguka mdomo, wakati mwingine vidole vinakakamaa. Koo kama lina donge, ila anameza mate na sauti yake ni ileile. Mapigo yako juu, presha ni ya kawaida au imepanda. Kaa usawa wa macho yake, mhesabie: kuvuta nne, kutoa sita, dakika tatu au nne. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie; kama kumbe ni pumu, utamzidishia. Ukisikia sauti ya kukwaruza shingoni anapovuta hewa, kifua ni safi na salbutamo haisaidii, pengine ni nyuzi za sauti zinazojifunga. Hata hivyo sauti hiyohiyo hutoka koo linapovimba, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Mzio mkali wa mwili mzima unagusa zaidi ya sehemu moja: vipele vikubwa au kuvimba mbali na mkono uliochomwa, miluzi kifuani, kukohoa mfululizo, sauti kukwama, kutapika, tumbo kusokota, presha kushuka huku mapigo yakipanda. Mgonjwa mara nyingi husema anahisi kufa, na kauli hiyo ndiyo inayowafanya wahudumu waseme ni woga. Hofu ya ghafla ni sehemu ya mzio mkali wenyewe. Na mara chache mapigo hushuka hata kwenye mzio, kwa hiyo usihukumu kwa mapigo pekee.

Ukishindwa kutofautisha, choma adrenalini: mg 0.01 kwa kila kilo, isizidi mg 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati. Rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Mtu aliyezimia tu akipata dozi hiyo ya msuli atatetemeka na moyo kumdunda kwa muda. Mwenye mzio aliyenyimwa anaweza kufa. Usimsimamishe ghafla, na usimtume mtu kwenda duka la dawa kutafuta kitu ambacho kilitakiwa kiwe mezani.

7. Kusoma na kuandika

Soma kati ya dakika 15 na 20. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usiutafute. Zima taa ya juu, leta tochi kutoka pembeni, upitishe kidole taratibu hadi usikie ukingo wa kivimbe, uchore kwa kalamu, ubandike selotepu, uihamishie kwenye faili. Pima urefu mkubwa na upana unaoukata, ujumlishe, ugawe kwa mbili: mm 6 na mm 4 ni mm 5. Jibu ni chanya kama kivimbe kimezidi kile cha maji ya chumvi kwa mm 3 au zaidi.

Tuseme chumvi ni 0, histamini 6, utitiri 5, mende 4, kamba 2. Hayo yanasomeka. Chumvi ikiwa 3, ngozi ya mtu huyo inavimba kwa kuguswa tu, au amejikuna, na jibu lolote chini ya 6 liache. Histamini ikiwa 1, kuna kidonge hakikutajwa. Uliza tena kwa upole, hasa cha usingizi.

Faili liwe na wasiwasi wa mwanzo na wa mwisho, vipimo vya mwili vya nyakati zote mbili, na saa kila dalili ilipoanza. Andika "koo kubana dakika ya 5, oksijeni 99, kifua safi, presha 138/86, ikaisha dakika ya 11 baada ya kuhesabu pumzi." Usiandike "mgonjwa ni mwoga." Atakayefungua faili hilo baadaye hatasikiliza koo la mtu huyo tena. Vivimbe vya mm 3 au 4 kwa mtu aliyekuwa na wasiwasi wa 8, visivyolingana na maelezo yake ya nyumbani, virudiwe siku nyingine au vithibitishwe kwa damu.

8. Kipimo cha kumeza

Hapa mgonjwa humezeshwa dawa inayoshukiwa ili kuona kama kweli inamdhuru, na ndipo hofu inapotawala, hasa kwa "aleji ya salfa". SP, yenye salfa ndani yake, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kuanzia 2001 hadi dawa ya mseto ya ALu ilipoichukua nafasi yake, na watu wazima wengi Dar wamebeba lebo hiyo tangu enzi hizo, pengine kwa sababu ya kichefuchefu tu. Lakini aliyewahi kutoka malengelenge, kubabuka ngozi au vidonda vya mdomo na macho baada ya dawa hapimwi kwa kumezeshwa dawa hiyo. Kamwe, hata aombe.

Kwa anayefaa, na hospitalini tu, mweleze mapema kwamba baadhi ya dozi zitakuwa tupu na hataambiwa zipi. Anza na tupu, kapsuli ileile yenye wanga ndani. Subiri dakika 30. Akipata dalili kwenye tupu, umejua kiasi cha hofu kilichomo. Simamisha, msubiri atulie, mwambie ukweli bila kejeli. Asipopata, toa sehemu ya kumi ya dozi, subiri dakika 30 hadi 60, kisha iliyobaki. Miluzi ya kifua, vipele na presha vinahesabika kuliko "najisikia tofauti".

9. Kabla hajaondoka

Akae nusu saa baada ya mchomo wa mwisho. Mwambie kwamba kivimbe kinaweza kurudi na kuwa kikubwa baada ya saa 6 hadi 8, jioni akiwa nyumbani, na kwamba hicho cha mkononi peke yake si cha kukimbilia hospitali. Mwenye jibu chanya la kamba ambaye amekula kamba wa soko la samaki la Feri miaka yote bila shida asiambiwe aache. Kivimbe peke yake si ugonjwa. Aliyezimia asipande bodaboda siku hiyo wala kuendesha gari. Apande daladala yenye kiti cha kukaa, au msindikizaji amtafutie bajaji, na chupa ya maji mkononi.